Jembe Lenye Kilema

Mwanangu Patrisi,

Naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Kisomo cha watu wazima kimenifikisha hapa. Herufi zikipinda, nivumilie. Barua hii nainakili, nampa kila anayeshuka Dar es Salaam, aisome yeyote, mradi mmoja akufikishie.

Baba yako alipofariki, kibanda chetu cha uhunzi hapa Izia kilinyamaza mwaka mzima. Kisha wewe ukashika nyundo, mimi nikavuta mivukuto, wajomba wakinung'unika kwamba mwanamke hasogelei moto wa chuma. Mteja akija ulimwambia, "Shikamoo mama. Hebu inama kama uko shambani." Ulimtazama mgongo, siyo uso, ukamfulia jembe la mgongo ule. Likimsumbua, siku hiyohiyo linarudi motoni. Bega langu la kulia lilipoteguka, ukanipindishia shingo ya jembe kidogo kushoto. Hukuomba ruhusa kwa mtu. Ulicheka tu: "Mkurugenzi mimi, mvuta mivukuto mama, mkutano umekwisha."

Halafu duka la kijiji likaanza kuletewa majembe ya kiwandani. Mazuri, yanang'aa, yote sura moja. Lakini ntumba zetu, yale matuta ya duara tunayofukia nyasi zioze, zinataka jembe pana lililopinda. Yale ya kiwandani yalikunjika. Kijiji kikaandika malalamiko, yakaenda wilayani, yakaenda mkoani, yakarudi na muhuri: yamepokelewa. Ndipo ukasema utakwenda mwenyewe huko kiwandani, Dar es Salaam, ukawaonyeshe. Nilikufungia unga wa ulezi, ukaondoka.

Barua yako ilikuja moja. "Mama, huku kila mtu ana pigo lake moja. Mimi ni wa tundu la mpini tu. Nimeuliza nani anaamua upana, wakasema kamati. Nikauliza kamati iko wapi, wakacheka."

Baada ya hapo, kimya.

Mwezi wa saba Bwana Alfani, meneja wa duka, akaniita. "Mama Patrisi, njoo uone. Jembe moja limeharibika, nalirudisha."

Lilikuwa pana. Limepinda. Shingo imekwenda kushoto. Nilipolishika, mwili ulinisisimka kama nimeshikwa mkono na mtu.

"Nipe hilohilo."

"Lina kilema, mama."

"Na mimi ninacho."

Siku nne baadaye ikaja barua ya kiwanda. Herufi zake za mashine zilinishinda, Alfani akanisomea: hujaonekana kazini tangu mwezi wa pili, ndugu waje wachukue vitu vyako. Akaliomba lile jembe, akaligeuza, akanionyesha chapa. Chini ya chapa hugongwa mwezi lilipotengenezwa. Hapo pamegongwa mwezi wa tano.

Nilijiambia ni makosa ya mashine. Lakini wiki iliyopita limekuja jingine katikati ya wenzake, tundu limepanuliwa ili uingie mpini mnene. Jirani yetu Yustina alilishika, akaanza kulia. Vidole vyake viwili vilikatwa na mashine ya kusaga kwenye mavuno haya, wewe umeshaondoka zamani. Hakuna aliyekuandikia. Mwanangu, ulimwona wapi akiinama?

Nalima nalo lile la kwanza. Jua likiwa utosini bega haliumi hata kidogo, na hilo ndilo linalonitisha.

Nimewaza sana kuhusu kazi ndogo na kazi kubwa. Kibanda chetu kilifiwa siku ile baba yako alipokufa. Kiwanda hakifiwi. Mmoja akitoka, mwingine anashika nyundo yake, na jioni majembe yametimia. Kwa nchi ni jema, silikatai. Watu wengi wangelima kwa mikono kama si wao. Lakini mahali pasipofiwa, nani atajua kwamba mtoto wangu hayupo? Au kwamba bado yupo, anagonga, na jina lake wameshalifuta?

Mjomba wako Kristofa anataka tukulilie. "Dada," aliniambia, "tuombe misa, mtoto apumzike."

"Mtu anayefua majembe unamliliaje?"

 Alilitazama jembe pale ukutani, akachukua kiti chake akaenda kukaa nje kwenye upepo, na unajua upepo wa Ufipa ulivyo.

Basi Jumatatu napanda lori la mahindi mpaka Mbeya, kisha treni. Sijawahi kupanda treni, na naogopa nitashuka pasipo pangu. Ofisini sitaingia, wasije wakanipa muhuri na mimi. Nitasimama getini, asubuhi wakiingia, jioni wakitoka, siku zote nitakazoweza.

Kama uko hai, usinipite, hata kama unaona aibu kwa ule ukimya wako. Kama hupo tena duniani, usiogope kunitisha. Toka na wenzako, uje nilipo. Sitakimbia.

Anayekuja kwako,
Mama yako