Mashati Uliyoyaacha

Mdogo wangu,

Tulipokupigia kukuambia umepata binti, ulijibu "vizuri", ukakata simu. Basi nakuandikia yale ambayo hukuyauliza.

Ulioa fundi cherehani, lakini sidhani kama unamjua. Mwezi wa mwisho tumbo lilimzuia kuifikia mashine, akakaa upande, akakanyaga pedali kwa mguu mmoja, na kazi za watu zikatoka. Nikimwambia apumzike, ananijibu, "Wifi, nikilala tu, huyu anaanza kucheza mpira."

Nguo za mtoto alizishona kwa mashati yako. Mama alimhakikishia kwamba atazaa pande la mtu kama wewe, naye akakata kubwa. Kumbe binti kaja mdogo, anapotelea ndani ya nguo.

Tena alitoka bila kulia. Mkeo, jasho likimtiririka, akamwambia mkunga, "Endelea kumsugua mgongo. Huyu namjua, haamki mara moja, kama baba yake." Mkunga akasugua, na kilio kikasikika wodi nzima. Mkeo alinikataza nisikuambie, eti utashtuka ukiwa kazini.

Kesho yake nilimkuta kitandani, mtoto kifuani, sindano mkononi, anapunguza zile nguo.

Limebaki shati moja, lile la bluu, limetundikwa nyuma ya mlango. Anasema utalivaa siku utakayokuja kumpakata mwanao. Lakini mtoto ananyonya vizuri, na nguo zimeshaanza kumbana. Njoo kabla mkasi haujalifikia.

Dada yako