Siku Miguu Ilipovuka Mpaka

Mpwa wangu,

Mjomba wako ni mzima kama chuma. Mahindi yangu mwaka huu yamerefuka hata kunguru akitaka kutua juu hupumzika njiani. Mama yako naye hajambo, ila usingizi hapati.

Afisa wa ruzuku ya kilimo alipokuja kupima mashamba kwa simu, alinifuata nyuma nikitembea mpakani, akisema, "Mzee, kumbe wewe ni mkulima mkubwa." Basi miguu ikapata kiburi, ikavuka mpaka, ikalizunguka na shamba la mama yako. Ruzuku yote ikaja kwangu, nikaezekea bati. Yeye ameambiwa hana shamba.

Jumatatu anakwenda ofisini kulalamika. Jana alinishika mkono: "Kaka, twende wote. Wewe unajua kusema, na mpaka wangu unaujua."

Mimi niliyemfukuza chui kwa kofia, nikaitikia tu, "Twende." Wametangaza kwamba aliyedanganya atafungwa.

Njoo kabla ya hapo umwambie wewe. Mimi nimejaribu, nikaishia kumsimulia habari za chui. Sasa hivi yuko uani, ananipigia pasi shati la kwendea ofisini.

Ni mimi, mjomba wako asiyeogopa kitu