Mninga wa Kiboko

Esta mwanangu,

Naapa, humu hamna uongo hata chembe. Ukitaka kuoga, imba kwa sauti, mlango wa bafu haupo. Mninga siku hizi haushikiki kwa bei, na ule ubao niliosema kiboko wa Kitaya kanisukumia hadi ukingoni mwa mto ~~ni kweli alinisukumia~~ ndio huo mlango. Nimemtengenezea bibi yako kiti, maana anafika leo. Asubuhi mama yako kakipapasa, kakuta tundu la komeo.

"Baba Esta, kumbe kiboko wako alikuwa anajifungia ndani?"

Wewe utaimba, lakini bibi yako, mkwe wangu, nitamwambiaje aimbe? Nimekwenda kijiji cha Ziwani na redio yangu, nimpe fundi Hamisi anipe mlango. Muhogo umo chunguni. Taarifa ya habari ya leo nitawasomea mimi.

Baba