Majina ya Kwetu Kwenye Ramani

4 Machi

Dada yangu mpendwa,

Natumaini wewe na Mama hamjambo. Mimi mzima, ila macho yamechoshwa na ramani. Serikali inachora ramani mpya ya mkoa, na inataka kila jina liandikwe pamoja na asili yake. Hapa ofisini, karatasi ya ramani yenye eneo la kwetu nimepewa mimi kwa kuwa ni mzaliwa wa huko. Nilicheka, maana sijui lolote. Muulize Mama habari za Bonde la Sabuni, Mteremko wa Bwana Harusi na Kwa Wawili. Alizunguka kote huko akizalisha watu, hakosi kujua. Bosi amenikaba koo.

Mdogo wako

19 Machi

Mdogo wangu,

Salamu zimefika. Mama anakula kidogo, analala kidogo na anagomba sana, kwa hiyo hajambo. Mimi usiniulize. Nimechoka mpaka uchovu wenyewe nimeuzoea.

Mama hakubali kusimulia jina akiwa kitandani. Anasema habari ya mahali husemwa ukiwa umesimama hapo hapo, ndivyo alivyofundishwa. Basi nikamkokota na mkongojo wake mpaka bondeni. Pale mchuuzi alianguka mtoni na mzigo wa sabuni, na watu wa chini wakafua wiki nzima bila kununua. Kwenye mteremko bwana harusi aliteleza na suti mpya, akafika chini akiwa amekaa, na ndoa ikafungwa hivyo hivyo, suruali imepasuka. Mama alicheka mpaka ikabidi nimshike.

Kwa Wawili amekataa. "Hiyo nitamwambia mwenyewe, tukiwa tumesimama pale. Aje." Njoo basi. Miaka sita si mchezo.

Dada yako

2 Aprili

Dada, shikamoo, na Mama namwamkia.

Bwana harusi amenichekesha ofisini peke yangu, wenzangu wakanitazama. Mwambie Mama nakuja mwisho wa mwezi huu, likizo imekubaliwa. Kwa Wawili nimeiachia nafasi.

Mdogo wako

28 Mei

Dada, shikamoo.

Nisamehe kwa kimya. Likizo ilifutwa, kisha mwenzangu akaugua, nikabebeshwa karatasi zake. Mwezi ujao nakuja bila shaka. Mama anaendeleaje?

Mdogo wako

11 Septemba

Mdogo wangu,

Sisi tupo. Nimechelewa kukujibu kwa sababu kila niliposhika kalamu hasira ilinitangulia. Leo hasira imekwisha, umebaki uchovu, ndiyo maana naweza kuandika.

Uliposema mwisho wa mwezi, Mama alitaka nimpeleke njia panda, basi linaposimama, akungoje. Nikampeleka na kigoda chake. Mwezi ukaisha, naye akaendelea. Asubuhi nampeleka, jioni namrudisha, mvua ikinyesha namfunika turubai. Barua yako ya Mei nilimsomea pale pale, akasema, "Basi kesho." Abiria wakamzoea, wakawa wanamsalimia dirishani. Kituo kile hakikuwa na jina, nawe unajua. Konda mmoja akaanza kuita, "Wa Kwa Mngojea, sogeeni mlangoni." Sasa kila mtu anapaita hivyo, na mwenye duka jipya ameshaliandika ukutani.

Kwa Wawili usiniulize tena. Siku hizi ukimtajia, anauliza ni wapi.

Mama hajafa, usishtuke. Mwezi uliopita nilibeba kigoda kama kawaida, akaniambia, "Kirudishe." Nikamuuliza kama anaumwa. Akasema haumwi, amemaliza kungoja. Tangu siku hiyo analala ameelekea ukutani. Ningepaswa kushukuru kwa ajili ya mgongo wangu, lakini nilikwenda jikoni nikalia.

Sitakusihi tena. Ukija, mwambie konda akushushe Kwa Mngojea. Hakuna asiyepajua ila wewe. Na ofisini wakitaka asili ya jina hilo, usimsumbue Mama. Andika mwenyewe, maana jina umelitoa wewe.

Dada yako