Bibi wa Mofu Analikumbuka Jina Langu

Modesta mdogo wangu, marahaba, najua umeshaniamkia.

Huku Mofu ni mvua tu. Nazunguka kuchukua sampuli za choo cha wazee. Watafiti wanataka kujua kama bakteria wa tumboni wanalinda kumbukumbu. Leo bibi mmoja mzee kabisa, niliyeonana naye mara moja tu mwaka jana, kaniitikia shikamoo yangu: "Marahaba, Anna! Mama yako hajambo?" Akanikabidhi kikopo chake cha sampuli, kisha kikombe cha togwa. Nikainywa huku nikimwonea wivu. Mama yetu jina langu limemtoka, lako analiita kutwa. Hata wewe nakuonea wivu, sifichi.

Msomee kadi hii, umkumbatie. Akiuliza Anna ni nani, usimjibu upesi. Mpe nafasi ajaribu.

Dada yako