Sweta Langu Lilibaki Kamsamba

Ijumaa, Oktoba 2014. Igamba, Mbozi.

Kumekucha na mawingu lakini mvua hakuna. Kahawa ya mama imeanza kuchanua, na mimi nina hasira ambayo sijui niielekeze kwa nani.

Mimi ni afisa mifugo, kituo changu ni Kamsamba, kule bondeni kwenye joto. Mama yangu alipata kiharusi mwezi wa nane, na mdogo wangu aliyekuwa akimwangalia ameolewa, ameondoka. Zamani ningeomba likizo isiyo na malipo, au ningemteremsha mama mzima mzima kwenye lile joto. Siku hizi ofisi za serikali za huku zimeunganishwa kwenye mfumo mmoja wa kompyuta. Unaingia kwa jina lako na neno lako la siri katika ofisi yoyote, kazi zako unazikuta pale pale. Basi bosi wangu, Bwana Nzowa, akakubali nijaribu mwezi mmoja: niishi Igamba, nifanyie kazi katika ofisi ya karibu na nyumbani. Kamsamba msaidizi wangu anakagua ng'ombe, karani anaingiza maombi, mimi huku natoa vibali vya kuwasafirisha. Sharti lake lilikuwa moja, asisikie malalamiko.

Nimepewa meza ya pembeni kwenye chumba cha watu wa ardhi. Asubuhi jirani anakaa na mama, mchana narudi. Mtandao ukikatika tunakunywa chai na kuusema vibaya.

Kuna jambo naliandika hapa kwa sababu siwezi kulisema mbele ya mtu. Kumwogesha mama, kumlisha uji na kumgeuza kunanichosha kuliko nilivyodhani. Nikikaa mbele ya ile kompyuta nahisi napumzika. Ng'ombe wa watu wananipumzisha na mama yangu mzazi.

Nampenda, lakini ndivyo ilivyo.

Sasa, kilichotokea. Karani wetu Kamsamba anaitwa Tabu, na ni rafiki yangu wa kweli. Kila aliyewahi kufanya kazi ya serikali anajua kwamba koti likiwa kwenye kiti, mwenye koti yupo, katoka kidogo tu. Tabu aliona kiti changu kitupu, akaogopa watu wataanza kusema nimetoroka kazi. Akafungua droo, akakuta sweta langu ninalovaa nikija huku baridini, akalitundika kwenye kiti. Sweta, Kamsamba, mwezi wa kumi! Kila asubuhi alilinyoosha vizuri, na kila aliyeniulizia akaambiwa nimetoka kidogo.

Mzee Luhende ni mfugaji, alikuwa na mnunuzi anamsubiri Tunduma. Ng'ombe wake walikuwa wameshakaguliwa. Alitaka kwanza kunieleza mwenyewe habari ya wawili waliokuwa na alama ya mtu mwingine, maana aliwapata kwa mahari. Tabu angenipigia simu tukaongea na mzee, kibali kikatoka kabla chai haijapoa. Lakini angenipigiaje mbele ya mtu aliyekwisha kumwambia kwamba nipo? Mzee akasubiri kwenye benchi hadi ofisi ikafungwa. Kesho yake akarudi, sweta lipo, mimi sipo. Mnunuzi akachukua ng'ombe wa mtu mwingine.

Leo asubuhi Bwana Nzowa alinipigia. Mzee alikuwa amekwenda kulalamika, amekaa mbele yake, bosi akampa simu. Nikamsalimia shikamoo baba, akaitika. Nilijiandaa kusikia kwamba watumishi wa siku hizi hatukai ofisini.

"Mimi sikukasirika kwamba hupo," akasema. "Kila mtu ana yake. Nimekasirika kuambiwa upo."

Nikamwomba radhi. Alinieleza habari ya wale ng'ombe wawili hapo hapo kwenye simu, nikaidhinisha kibali chake nikiwa bado namsikia akipumua. Kilichukua muda mfupi kiasi kwamba niliona aibu.

Tabu nimeongea naye mchana. Alilia. Nilitaka kumfokea nikashindwa, kwa sababu ingekuwa yeye anauguza, mimi ningetundika hata kitenge.

Bwana Nzowa hakunifokea pia. Alisema Jumatatu ni siku ya mnada Kamsamba. Niende nisimame mbele ya wafugaji niwaambie nafanyia kazi wapi, kwa nini, na namba yangu ya simu ni ipi. Wakiridhika, niendelee kukaa na mama. Wasiporidhika, nirudi kituoni.

Mtu angedhani hilo ni jepesi. Shida ni hiyo "kwa nini".

Mama alikuwa kiongozi wa kwaya kanisani kwa miaka mingi. Tangu mdomo wake upinde hataki mtu amwone wala ajue. Pazia la chumbani kwake halifunguliwi. Waimbaji wenzake wakija, nawaambia amelala. Nilimwahidi kwamba habari zake hazitatoka nje ya nyumba hii, na mnadani Kamsamba wanapita watu wa Mbozi nzima. Nikitaja ugonjwa wake pale, Jumapili kanisa zima linajua. Nikinyamaza, nani atabaki naye?

Jioni hii, nikimpa uji, nilimweleza yote, sweta, mzee, mnada. Nikamwambia kwamba bila ruhusa yake sitamtaja, nitatafuta la kusema. Alimeza kidogo. Kisha akaongea Kinyiha, polepole, uji ukimtoka pembeni ya mdomo.

"Kwani nimeiba?"

Nikamfuta kidevu. Akanyoosha mkono ule mzima, akanionyesha pazia nilifungue.

Jumatatu nateremka Kamsamba.