Amepona Mbio Sana

Jumatatu, 3 Machi
Minyororo miwili, breki moja. Mama yangu amemleta Feza hapa ninapotengeneza baiskeli, msichana akaketi kama mzigo usio na mwenyewe. Miaka kumi na tano. Wiki ya sita hataki shule, hataki ugali. Baba yake, kaka yangu, yuko Salamabila anatafuta dhahabu. Kesho mimi ndiye wa kumpeleka kituo cha afya, Mama atafuatana nasi.

Jumanne, 4 Machi
Muganga, yule muuguzi wa kituo, alisema ni ugonjwa wa huzuni. Akauliza: "Katika jamaa iko mutu anashuka hivi, halafu anapanda? Halali usiku, anasema bila kupumua, kazi haimuchoshi?"
"Kwetu hakuna wazimu," Mama akajibu, upesi kama anayefukuza kuku. Mimi nikatazama dari. Dari safi kabisa.
Tukapewa vidonge.
Dada yetu Mwamini yuko Wamaza. Mwaka fulani alilima shamba la karanga siku tatu bila kulala, akagawa nguo zake zote sokoni, kisha akageukia ukuta miezi miwili. Kwetu hiyo inaitwa bidii. Ukuta hautajwi.

Alhamisi, 13 Machi
Nimesoma karatasi ya vidonge. Kifaransa. Nimeelewa nusu. Hiyo nusu sikuipenda: inasema vinaweza kumpandisha kupita kiasi mtu wa kushuka na kupanda.

Jumamosi, 22 Machi
Feza amefagia ua kabla ya jogoo. Amefua mablanketi yote. Anaimba. Mama anatangaza kwa majirani: "Mutoto amepona!" Kasongo nzima ni mimi peke yangu ninayeogopa ufagio.

Jumapili, 23 Machi
Maneno yake yanakanyagana. Atafungua shule, yeye ndiye mkubwa wa shule, walimu ameshawachagua. Amelala masaa mawili. Mama anajivuna: "Iko na bidii kama shangazi yake!"
Amemtaja Mwamini yeye mwenyewe.

Jumatatu, 24 Machi
Nimeenda kwa muganga peke yangu. Nikasema yote: dada, karanga, nguo, ukuta. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. "Ningejua, nisingempa vidonge hivi namna hii. Mulete sasa."
Mama: "Unabandika mutoto jina la wazimu, nani atamuoa?" Nikampakia Feza kwenye baiskeli, akasalimia kila mtu njiani, hata mbuzi.
Muganga akampigia simu daktari. Vidonge vimesimamishwa, dawa nyingine. Nikauliza kama ndio ugonjwa wa dada.
"Inaweza kuwa. Hatujui bado. Mumuangalie. Na musinifiche tena."

Jumatano, 9 Aprili
Wiki nzima amelala vizuri. Shule bado. Mama hajanisamehe, anasema nami chumvi ikiisha tu.
Leo mteja alijaribu baiskeli yake, akaingia nayo mtaroni. Feza akacheka. Nikaacha spana, nikasikiliza kicheko: kwa sauti gani, kwa muda gani, kitaisha lini. Kikaisha.
"Baba mudogo, inachekesha tu."
Kweli. Nikacheka na mimi. Nilichelewa kidogo.